Ramani Inayokubali Kubishiwa



Nimeombwa nizungumzie ramani za mtandaoni na mabadiliko ya bioanuwai, yaani namna aina za mimea na wanyama zinavyopungua, zinavyoongezeka na zinavyohama. Nitaliweka jambo langu mezani mapema. Ramani hizi zitatufaa iwapo mwenyeji wa mahali ataweza kuifungua ramani ya kwao, akaisoma, kisha akaiambia: hapa umekosea, na pale hukufika. Kwa sasa wengi wetu tunaishia kuzitazama. Tunaonyeshwa ramani yenye madoa mekundu, tunasikitika, tunafunga simu.

Ramani tuliyokua nayo darasani, ile ya kutundika ukutani, ilikuwa neno la mwisho. Mchoraji alishaamua kipi kionekane na kipi kiachwe, na kazi ya mwanafunzi ilikuwa kunakili. Ramani ya mtandaoni ni ya namna nyingine. Unaikuza kwa vidole mpaka unaliona bonde lenu. Chini yake kuna mstari wa miaka. Ukiusogeza, msitu unasinyaa au unarudi mbele ya macho yako. Ukibonyeza nukta moja, inafunguka taarifa: kiumbe gani, nani alikiona, tarehe gani, na kama alikiona kwa macho, kwa kamera, au ni kielelezo kilichohifadhiwa makumbusho. Katika zile zilizotengenezwa vizuri ipo pia nafasi ya kuongeza ulichokiona mwenyewe, au kueleza kwamba jina lililowekwa pale si sahihi.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. Januari 2008, Kenya ilipokuwa ikiungua baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman, David Kobia na wenzao walitengeneza jukwaa la Ushahidi, ambapo mwananchi alituma ujumbe wa simu kueleza ghasia alizoziona na taarifa ile ikaonekana kwenye ramani ya mtandaoni. Miaka miwili baadaye jukwaa hilohilo lilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Dar es Salaam nako, tangu 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa wakachora nyumba, mitaro na njia katika kata zinazofurika mvua zikinyesha. Kwa hiyo kazi ya wananchi kuchora kwao tumeshaifanya, tena mapema kuliko wengi. Kilichobaki ni kuihamishia kwenye viumbe tunaoishi nao.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Kigoma.

Marehemu Jane Goodall alifika Gombe Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Eneo lile likawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968, na kwa miaka mingi macho ya watafiti yalikuwa ndani ya mipaka yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall alipita juu ya eneo lile kwa ndege ndogo, akaona jambo ambalo mtu aliyeko chini ya miti hawezi kuliona: hifadhi ilikuwa imebaki kipande cha kijani, na milima iliyoizunguka ilikuwa kipara. Taasisi yake ikaanzisha mwaka 1994 mradi wa TACARE, wa kufanya kazi na vijiji vya jirani katika kilimo, afya, elimu na misitu. Baadaye mwanasayansi wa taasisi hiyo, Lilian Pintea, akaweka pamoja picha mbili za setilaiti za Landsat, moja ya 1972 na nyingine ya 1999. Katika ya kwanza misitu inavuka mpaka wa hifadhi na kuendelea vijijini. Katika ya pili mpaka unaonekana wazi bila hata kuchorwa: ndani miti, nje udongo.

Picha hizo mbili zimezunguka dunia nzima, na ni kweli zinashtua. Ila hazikutosha kuongea na mkulima wa bonde la jirani. Kipande kimoja cha picha ya Landsat ya 1999, yaani pikseli moja, kinabeba eneo la mita 30 kwa 30. Mkulima akiambiwa kwamba rangi hii ni msitu na ile ni shamba, hana namna ya kuhakiki, anaombwa aamini. Mambo yalibadilika zilipopatikana picha zinazoonyesha vitu vyenye ukubwa wa mita moja. Hapo mtu anaiona nyumba yake, njia ya kwenda kisimani, na mashamba ya michikichi yaliyo kwenye mkono wa bonde. Picha hizo zilichapwa zikapelekwa vijijini, na wanakijiji wakaanza kuzijaza wenyewe: majina ya vijito, maeneo ya matambiko, mahali ambapo mpaka wa kijiji unapita kweli na si pale karatasi ya ofisini inapodai.

Kutokana na kazi hiyo vijiji vilitengeneza mipango ya matumizi ya ardhi, ambayo ina nguvu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, vikatenga misitu ya hifadhi ya vijiji, na vikachagua waangalizi wa misitu kutoka miongoni mwao. Waangalizi hao hutembea na simu au kishikwambi chenye GPS. Wakikuta tanuri la mkaa wanaweka nukta. Wakikuta mtego, nukta. Wakikuta kiota cha sokwe juu ya mti, nukta na picha. Taarifa zinapanda mtandaoni na kukaa juu ya picha ya setilaiti. Katika baadhi ya misitu hiyo miti imeanza kurudi, na kurudi kwake kunaonekana kutoka angani.

Naomba mtazame mgawanyo wa kazi uliopo hapo. Setilaiti huuona msitu na haimwoni sokwe. Mwangalizi wa kijiji anakiona kiota, ila hawezi kuona kilomita 40 za mlima kwa siku moja. Ukiziweka taarifa hizi mbili kwenye ramani moja, tena ramani ambayo mwangalizi huyo huyo anaweza kuifungua na kuisahihisha, unapata kitu ambacho profesa peke yake hakipati, na mwanakijiji peke yake pia hakipati.

Sasa nije kwenye ramani ambayo pengine wengi wenu mmeiona kwenye magazeti: Global Forest Watch, iliyozinduliwa mwaka 2014 na taasisi ya World Resources Institute ya Marekani. Msingi wake ni kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland, iliyotangazwa 2013, walioichambua dunia nzima kwa picha za Landsat kuanzia mwaka 2000. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu mwaka 2008 Marekani ilifungua hazina yote ya picha za Landsat zitumike bure. Uamuzi huo mmoja wa kiserikali, wa kutotoza fedha, umefanya mengi kwa misitu ya dunia kuliko mikutano kadhaa ya kimataifa.

Ramani hiyo naiheshimu na naitumia. Lakini kinachopimwa pale ni kifuniko cha miti: mimea yenye urefu wa zaidi ya mita 5, iwe ya asili au ya kupandwa. Nendeni kwenye ramani, kuzeni Mufindi, mkoani Iringa. Mtakuta madoa yanayosema miti imepotea. Sehemu ya madoa hayo ni misindano ya shamba la Sao Hill iliyokomaa ikavunwa, na itapandwa tena. Anayejua Mufindi hashangai. Mwandishi wa habari aliyeko mbali anaweza kuandika kwamba msitu umeteketezwa. Upande wa pili, tazameni miombo ya Tabora au ya Kilwa. Mchoma mkaa anachagua mti huu, anauacha ule, anarudi mwaka unaofuata. Msitu unakondeshwa taratibu, wanyama wanaondoka, na setilaiti inaendelea kuonyesha kijani kwa sababu mwavuli wa majani haujafunguka kiasi cha kutosha kuhesabiwa. Ramani moja, basi, inapiga kelele pasipo na msiba na inanyamaza penye msiba. Anayeweza kuisahihisha ni mtu anayetembea pale.

Kuna msiba mwingine ambao hakuna ramani ya misitu ingeuona. Wengi mnamfahamu chura wa Kihansi. Aligunduliwa mwaka 1996 kwenye korongo la mto Kihansi, katika miteremko ya milima ya Udzungwa, wakati wa uchunguzi wa mazingira uliohusiana na bwawa la umeme. Ni chura mdogo wa rangi ya manjano, hafiki sentimita 3, na anazaa watoto walio hai badala ya kutaga mayai. Makao yake yote duniani yalikuwa nyasi zinazoloweshwa na manyunyu ya maporomoko, eneo la hekta 2 hivi.

Tufanye hesabu hapa hapa. Hekta 2 ni mita za mraba 20,000. Pikseli moja ya Landsat ni mita za mraba 900. Makao yote ya kiumbe huyu, hapa duniani hakuna kwingine, yanaingia katika pikseli 22. Ukiifungua ramani kwenye skrini ya simu kwa ukubwa unaoonyesha Tanzania nzima, pikseli 22 haziwezi kuonekana kwa jicho la binadamu. Na hata ukizikuza, hutaona lolote. Bwawa lilipoanza kufanya kazi kuelekea mwaka 2000, takriban asilimia 90 ya maji ya mto yalielekezwa kwenye mitambo. Miti ya korongo ilibaki imesimama. Kilichokatika ni manyunyu. Kwenye ramani ya misitu Kihansi ilikuwa salama siku ile ile makao ya chura yalipoanza kukauka.

Mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa kuchukua nafasi ya manyunyu. Vyura 499 walichukuliwa mwishoni mwa mwaka 2000 kupelekwa katika bustani za wanyama Marekani. Vyura wa porini waliongezeka kidogo, kisha wakaanguka ghafla mwaka 2003, kuvu wanaoua vyura wakiwa miongoni mwa washukiwa. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kwamba hayupo tena porini. Mwaka 2012 vyura waliozalishwa Marekani wakaanza kurudishwa Kihansi. Haya yote yalijulikana kwa sababu kulikuwa na watu wanaoshuka korongoni kuhesabu. Palipo na hesabu ya aina hiyo, ramani inapata la kusema. Pasipo na hesabu, ramani inajaza rangi ya jirani.

Hilo linanileta kwenye nukta.

Kuna hazina kubwa ya kimataifa ya taarifa za viumbe iitwayo GBIF, iliyoanzishwa 2001, ofisi yake ikiwa Copenhagen, Denmark. Ina kumbukumbu zaidi ya bilioni 2, kila moja ikisema kiumbe fulani kilikuwepo mahali fulani tarehe fulani, na mtu yeyote anaweza kuziona kwenye ramani bila malipo. Kuzeni milima ya Usambara, pale Amani, ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Nukta zimejaa. Vielelezo vya mimea na wadudu vilivyokusanywa zama zile vingi vilisafirishwa kwenda Ulaya, na kwa sababu makumbusho ya huko yamepiga picha yaliyomo makabatini mwao na kuyaweka mtandaoni, leo mwanafunzi wa Muheza anaweza kuona kilichochukuliwa kwao kabla babu yake hajazaliwa. Hilo ni jambo jema, na ni haki yake.

Sasa sogezeni ramani hadi Lindi vijijini, Tabora, au kaskazini mwa Kenya kuelekea mpaka wa Ethiopia. Nukta zinakuwa chache, kisha zinakoma. Asiyejua atasema huko hakuna viumbe. Ukweli ni kwamba nukta hufuata barabara, hufuata hoteli za watalii, hufuata vituo vya utafiti na hifadhi zenye majina makubwa. Ramani ya viumbe kwa kiasi kikubwa ni ramani ya mahali watafiti na wageni walipofika. Tunapomwonyesha waziri au mfadhili ramani hiyo bila kusema hivyo, tunamwelekeza apeleke fedha kule kule ambako zimekuwa zikienda, na tunaliachia shamba la mkonge au mgodi litue kwenye eneo tupu ambalo halikuwa tupu.

Tena nukta ina makosa yake ya kawaida, ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuyakamata. Latitudo za Tanzania zote ni hasi kwa sababu nchi nzima iko kusini mwa ikweta. Dodoma iko karibu na latitudo hasi 6.17 na longitudo 35.74. Karani akisahau ile alama ndogo ya kutoa, ndege wa Dodoma anahamia kusini magharibi mwa Ethiopia. Akibadilisha nafasi za tarakimu hizo mbili, ndege yule anaangukia baharini, karibu na Morocco. Na kumbukumbu zisizo na tarakimu, ambazo kompyuta imeziandikia sifuri na sifuri, hulundikana zote mahali pamoja katika Ghuba ya Guinea, kana kwamba kuna kisiwa pale chenye viumbe wa dunia nzima. Hakuna kisiwa. Kompyuta inaweza kukamata baadhi ya makosa haya, lakini si yote. Mengine hugunduliwa na mtu anayeguna na kusema, mbona ndege huyu namjua, haishi huko.

Jingine ni kwamba nukta haifi. Kiumbe akitoweka, nukta yake ya mwaka 1985 inabaki inang'aa pale pale. Ukiangalia ramani bila kusogeza mstari wa miaka utaona wazima na waliotoweka wamechanganyika. Ndiyo maana nawasihi wanafunzi wangu: kabla ya kusoma mahali, soma tarehe.

Hata mipaka ya makazi ya kiumbe inaweza kutulaza usingizi. Chukueni tumbusi. Mwaka 2015 aina 4 za tumbusi wa Afrika ziliingizwa katika daraja la walio hatarini zaidi kutoweka, na sababu mojawapo kubwa kwa Afrika Mashariki ni mizoga iliyotiwa sumu, kabofurani ikiwemo, na wafugaji waliochoka kuliwa mifugo na simba au fisi. Lakini fungueni ramani inayoonyesha eneo lao la kuishi: rangi bado inafunika sehemu kubwa ya bara. Tumbusi mia walipokuwa wakishuka kwenye mzoga na tumbusi watatu wanaposhuka leo, rangi ni ile ile.

Je, ipo namna ya kuchora ramani inayoona upungufu kabla ya kutoweka? Ipo, na imekwisha kufanyika Kenya.

Mwaka 1989 Adrian Lewis na Derek Pomeroy walichapisha atlasi ya ndege wa Kenya. Waliigawa nchi katika miraba ya dakika 30 kwa 30 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 55 kila upande, wakaonyesha kila aina imeonekana katika miraba ipi. Kwa wakati wake ilikuwa kazi kubwa. Mwaka 2013 ikaanza Kenya Bird Map, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nature Kenya, A Rocha Kenya na wengine, wakitumia utaratibu uliokuwa umejaribiwa Afrika Kusini. Miraba yake ni ya dakika 5 kwa 5, karibu kilomita 9 kila upande. Mraba mmoja wa atlasi ya zamani unaingia miraba 36 ya sasa. Lakini siri haipo kwenye udogo wa mraba. Ipo kwenye orodha.

Anayeshiriki hachagui ndege wa kuripoti. Anaingia kwenye mraba wake, anatafuta kwa saa mbili au zaidi, anapita kwenye mazingira yote yaliyomo, na anaandika kila aina aliyoiona au kuisikia, kwa mfuatano. Orodha ikishapanda mtandaoni, ramani inajua aliyeonekana, na inajua pia nani hakuonekana ingawa mtu alitafuta. Ikiwa mraba una orodha 20 na ndege fulani yumo katika 8, kiwango chake ni asilimia 40. Miaka mitano baadaye orodha 20 nyingine zikimtaja mara 2 tu, tunajua jambo limetokea, ingawa ndege bado yupo na rangi ya eneo lake bado ipo. Huo ndio upungufu unaoonekana mapema, wakati kuna la kufanya.

Wenyeji wa Pwani watanielewa nikitaja kunguru wa Bara Hindi, ambaye Mombasa humwita kurabu. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka. Akafika Mombasa mwaka 1947. Leo mnamwona wenyewe: anakula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, na kitoweo kikiachwa wazi dakika moja. Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kupunguza kunguru milioni 1 katika miji ya pwani hadi mwisho wa mwaka huo. Naunga mkono jitihada hizo. Lakini idadi ya waliouawa haitatuambia kama tumeshinda, kwa sababu kunguru huzaliana haraka na waliobaki hupata chakula zaidi. Kitakachotuambia ni orodha za Mombasa, Watamu na Malindi za kabla na baada: je, kiwango cha kunguru kimeshuka? Na la muhimu zaidi, je, chozi na kwera wanaanza kurudi kwenye orodha za mjini? Watu wa Dar es Salaam na Unguja nao wana haki ya kuliuliza swali hilo kuhusu miji yao, na hawahitaji kibali cha mtu kuanza kuandika orodha.

Niseme kidogo juu ya hatari, maana kuna atakayeniuliza. Ramani iliyo wazi inasomwa pia na jangili. Ramani zilizotengenezwa kwa busara huficha mahali halisi pa viumbe wanaowindwa. Kwenye iNaturalist, kwa mfano, jukwaa ambako wananchi huandikisha viumbe waliowaona, nukta ya aina iliyo hatarini hutupwa popote ndani ya kisanduku cha digrii 0.2 kwa 0.2, karibu kilomita 22 kila upande, na mahali penyewe hubaki siri. Faru asiwekwe nukta ya wazi kabisa. Na nyinyi wenye simu zenye kamera nzuri, zimeni huduma ya mahali kabla ya kupiga picha ya faru na kuituma kwenye kundi, kwani picha inaweza kubeba latitudo na longitudo ndani yake hata kama hamkuziandika.

Kuhusu kuwafikishia watu ujumbe, nina machache na yote ni ya vitendo. Ramani nzito inakula bando, na kijijini ambako mtandao unakatikakatika haifunguki kabisa. Kwa hiyo anayejenga ramani ya umma lazima aandae pia karatasi kubwa ya kubandikwa kwenye ofisi ya kijiji, yenye majina ya vijito na vilima kama yanavyotajwa na wenyewe. Maelezo ya rangi yaandikwe kwa Kiswahili. Na penye utupu wa taarifa paandikwe "hapajachunguzwa". Neno hilo moja lingezuia maamuzi mabaya mengi. Nimeona ramani za miradi mikubwa ambamo eneo lisilochunguzwa limepakwa rangi ile ile ya eneo lisilo na kiumbe wa kulindwa, na huo ni udanganyifu hata kama aliyeipaka hakukusudia.

Nimalizie na maombi, kila mmoja achukue linalomhusu.

Kwa taasisi zetu za utafiti na idara za serikali: hesabu za wanyama zilizofanywa kwa fedha za umma zisikae kwenye makabati. Zitoeni, mkificha tu yale ambayo jangili angeyatumia. Ulaya imefungua makabati yake, na ni aibu mtoto wa Amani kupata taarifa za kwao za mwaka 1905 kwa urahisi kuliko za mwaka 2015.

Kwa waandishi wa habari: msichapishe ramani yenye madoa mekundu kabla ya kumpigia simu mtu mmoja aliyeko ndani ya doa.

Na kwa wanafunzi wa Lindi, Tabora, Kigoma, Marsabit, Tana River na kote ambako ramani iko tupu: Wakenya mna Kenya Bird Map, na sote tuna eBird, ya kuandikia ndege, na iNaturalist, ambazo ni za bure. Chagueni eneo mnaloishi. Tafuteni saa mbili asubuhi, andikeni kila mlichokiona, hata kunguru, hata shorewanda, na mrudi hapo hapo mwezi unaofuata. Mkikuta mtu wa mbali ameandika kosa kuhusu kwenu, msinyamaze. Msahihisheni, na mweke picha ya ushahidi.